Madj wa muvi, Snatch mmeiua na mimi sinyamazi

Wakuu, nimetoka banda la video hapa Magomeni, Mtwara, muda si mrefu, na hasira niliyonayo nisipoiandika sitalala.

Wiki nzima nimewapigia debe wenzangu wa kijiweni tukaangalie Snatch ya mwongozaji Guy Ritchie, ya mwaka 2000. Niliwaapia kwamba kwenye muvi za majambazi za kuchekesha hakuna inayoifikia. Mmoja hela yake ya korosho imeingia juzi, akatulipia wote. Kufika ndani tunakuta imetafsiriwa na DJ. Nikajipa moyo, wenzangu Kiingereza hakipandi, tafsiri itawafaa.

Jamani! Dakika ya kwanza tu DJ anatangaza Brad Pitt ni stelingi, jasusi katumwa kukomboa almasi. Jasusi wa wapi? Mickey, ndiye huyo Brad Pitt, ni Mtraveli wa Ireland, jamii ya wahamahamaji, anayeishi kwenye msafara wa matrela na mama yake, anapigana ngumi kavu, na almasi wala haimhusu. Utamu wote wa yule mtu ni kwamba haeleweki anachosema. Waingereza wenyewe ndani ya muvi hawamwelewi! Anamuuliza mwenzake kama anapenda mbwa, wanarudiarudia neno moja mpaka ndiyo wakamwelewa. DJ kamvisha Kiswahili kilichonyooka kama cha mtangazaji wa redio. Mimi nina babu Newala, akikasirika anachanganya Kimakonde na Kiswahili mbiombio, wajukuu tunabaki kutazamana. Mfanye Mickey aongee hivyo uone kama banda zima halitaanguka kwa kicheko!

Halafu wamekata mwanzo. Wale wezi wa almasi kule Antwerp, Ubelgiji, wanaingia wamevaa kama Wayahudi wa dini, na huku wanapita getini wanazungumzia neno la Kiebrania lililofasiriwa vibaya kwenda Kigiriki. Muvi inafunguliwa na watu wanaozungumzia tafsiri mbovu, na mfasiri ndiye kaikata! Nilitaka kupiga kelele.

Kilichoniuma zaidi ni ile ya baa. Vinnie Jones amekaa, vijana watatu wanamjia na bastola. Hapigi mtu. Anawaambia taratibu kwamba bastola zao zimeandikwa ubavuni kuwa ni za bandia, na yake imeandikwa Desert Eagle, bastola ya kweli. Vijana wananywea wenyewe. Pale hakuna risasi, ni maneno matupu yanafanya kazi, na DJ muda wote anapiga mayowe "sasa hapa kinawaka!" Hakuna kilichowaka. Wenzangu wakaanza kupiga miayo, mmoja akaniambia, kaka, muvi yako ya kawaida sana. Nikakosa la kumjibu, maana hiyo waliyoiona ni ya kawaida kweli.

Sasa nawaambia na nyie mnaosema Ritchie kachuja. Mmeziona zenyewe au mmesimuliwa? Kwangu Snatch ndiyo namba moja. Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya 1998 inaifuata kwa karibu mno, na hiyo ndiyo ingewagusa watu wa kwetu: Eddy anaingia kwenye karata na hela ya marafiki, mchezo umepangwa, anatoka na deni la pauni 500,000 na wiki moja ya kulipa. Mkulima aliyewahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mfumo rasmi, zikiwa bado mtini anajua usingizi wa mtu mwenye deni la namna hiyo. Waigizaji Jason Statham na Vinnie Jones wote walianzia humo, Vinnie akiwa mcheza mpira wakati huo. Ya tatu The Gentlemen, ya nne RocknRolla. Sherlock Holmes nazipenda, ila mle London ya mitaani imepungua. Wrath of Man ni nzuri lakini haichekeshi na wala haikukusudiwa. Revolver inachosha, nimeirudia mara tatu na msimamo wangu ni uleule. Aladdin imeingiza zaidi ya dola bilioni moja, na sioni alama ya mkono wake mle ndani. Swept Away ya 2002 naiweka mkiani kabisa.

Hizo nne za juu zinasimama kwa mazungumzo. Ukiyafunika na mayowe umebakiza watu wanakimbizana.

Nilimfuata mwenye banda nimdai hela ya mwenzangu. Akanijibu wateja wanataka DJ, nisiyetaka nikae nyumbani. Ndugu yangu, mlangoni umebandika bango la Snatch, hukuandika kwamba humo ndani kuna hadithi nyingine! Andika. Na nyie madj, mwenye kipaji cha kutafsiri atafsiri kilichosemwa, mtu akinyamaza kwenye skrini na wewe nyamaza.

Aliyeko Mtwara mjini au hata Mikindani mwenye nakala safi, yenye maandishi ya Kiswahili chini, anitafute. Nitawapikia wenzangu pweza, tutaangalia upya kwangu Jumamosi, kuanzia kule Antwerp.