Mjadala: Fedha za maafa ziende kwenye elimu ya miamba vijijini, au tujenge mitaro kwanza?

Mkaa Mlimani:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikapita Katesh na vijiji vya jirani. Walikufa watu zaidi ya 80. Mnakumbuka siku zile za mwanzo? Kila kijiwe kilikuwa na stori ya volkano kulipuka. Ikabidi msemaji wa serikali, Mobhare Matinyi, atoke kueleza kwamba hapakuwa na mlipuko: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka.

Maelezo mazuri, ila yalikuja watu wakiwa tayari wanachimbua maiti. Mlima mara nyingi hutoa dalili. Nyufa zinatokea shambani, miti inainama upande mmoja, chemchemi iliyokuwa safi inaanza kutoa maji ya tope. Na iliyo mbaya kuliko zote: mvua inanyesha lakini mto unapungua. Asiyejua anashukuru Mungu mafuriko yamepita. Anayejua anabeba watoto na kukimbia, maana huko juu magogo na udongo vimeziba korongo, na bwawa hilo likipasuka halimsubiri mtu.

Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji. Kamati zipo kwenye karatasi. Napendekeza kila halmashauri iliyo chini ya mlima itenge fungu la kila mwaka kutoka mapato ya ndani, kila kijiji kiwe na watu wawili waliofundishwa kusoma ardhi yao, wenye kipima mvua na ramani ya makorongo. Mjiolojia kutoka Dodoma aje mara moja kabla ya msimu wa mvua, atembee nao mlimani.

Posho Kwanza:
Mkuu, ngoja nikusomee bajeti yako itakavyotoka: ukumbi, chai ya saa nne, fulana, mafuta ya gari, posho ya mwezeshaji, posho ya msaidizi wa mwezeshaji. Kijiji kitabaki na bango.

Mama wa Upareni:
Mimi nimetoka Same. Novemba 2009 udongo ulifunika watu kule Mamba Miamba wakiwa wamelala. Sipingi elimu, baba, lakini elimu haizuii jiwe. Hizo hela zichimbe mitaro, zijenge kuta, zihamishe watu.

Tena tazameni Bududa kule Uganda. Machi 2010 mlima ulimeza kijiji cha Nametsi, mamia wakafa. Walionusurika wakapelekwa Kiryandongo, na baadhi yao wakarudi kulekule mlimani. Hawakurudi kwa ujinga. Mtu ana kaeka kake kadogo, ukimwambia udongo wake ni wa hatari anakujibu: huohuo ndio unaozaa ndizi. Ukimfundisha asiye na pa kwenda, umemwongezea kukosa usingizi tu.

Mwalimu wa Jiografia:
Mama, naheshimu uzoefu wako, ila nikupe upande wa pili. Nafundisha Arumeru. Huku shida yetu ni floridi kwenye maji, inatoka kwenye miamba ya volkano. Watoto wana meno ya kahawia, na wapo ambao miguu imepinda. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango chetu kilikuwa 4.

Basi mfadhili mmoja akaleta vifaa, kama unavyotaka wewe. Machujio ya mkaa wa mifupa, kila kaya lake. Hakuna aliyetuambia kwamba ule mkaa unachoka na lazima ubadilishwe. Baada ya muda maji yakatoka na floridi ileile, watu hawana habari. Leo ndoo zile nyingi zinahifadhia unga. Na ukiuliza mitaani watakwambia wanachemsha maji, kwa hiyo wako salama. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani inazidi kukolea.

Kwa Mkaa Mlimani: hao watu wawili, kama ni vijana, mwakani watakuwa mjini wanaendesha bodaboda. Kipima mvua kiwekwe shule ya msingi. Darasa la tano wanaweza kabisa kuelewa kwamba milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba. Waambie wapige hesabu ya mteremko wote uone macho yatakavyowatoka.

Jirani wa Nyiragongo:
Ndugu zangu, niko Goma. Huku tuna mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotuama kwenye mabonde na kuua mbuzi na watoto. Hilo neno ni letu, wataalamu wa volkano wamelichukua hivyohivyo. Wazee ndio wanaotuonyesha pa kutopita alfajiri, bila semina.

Lakini Mei 22, 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilipopasuka jioni, hakuna mzee aliyetuambia. Hapo zilitakiwa mashine, na kituo chetu cha kuchunguza volkano kilikuwa na shida ya fedha. Kwa hiyo msije mkawapa wanakijiji daftari ili serikali ipate kisingizio cha kutonunua mashine.

Mkaa Mlimani:
Hilo la Goma nalikubali, na la shule nalichukua kabisa. Posho Kwanza, nami nimekaa kwenye hizo semina, najua. Ndiyo maana nasema mlimani, si ukumbini. Asiyetaka kupanda asilipwe.

Mama, mtaro nao unahitaji mtu anayejua korongo lilipita wapi zamani, la sivyo mkandarasi atauchimba panapomrahisishia kazi.

Kinachonisumbua ni kingine. Saa nane usiku, kipima kimejaa, mto umekata. Nani ana mamlaka ya kupiga filimbi kijiji kizima kiondoke? Na asubuhi mlima ukiwa umetulia, nani atamlinda?

Posho Kwanza:
Mwenyekiti wa kijiji. Akikosea mara mbili, uchaguzi ujao hata mkewe hampigii kura.