Tupeane uzoefu: Uliacha sigara ukiwa mjamzito. Baada ya kujifungua, nani alikusaidia usirudie?

Mama Wawili, Reading (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naanzisha mada hii kwa sababu katika jamii yetu mwanamke anayevuta sigara huvuta kwa kujificha, na hata akiacha huacha kwa kujificha, hivyo siku anapolemewa hana wa kumwambia. Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Uingereza. Sigara nilijifunza nikiwa mhudumu wa zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee, kwani wavutaji ndio waliokuwa wakitoka nje kupumzika huku sisi wengine tukibaki na kengele za wazee. Niliposhika mimba, siku ya kwanza ya kliniki mkunga alinipa kifaa nipulize, kama wanavyofanyiwa wajawazito wote hapa, ili apime katika pumzi yangu kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu iliyomo katika moshi wa sigara. Kilionyesha 11, ilhali kuanzia 4 mjamzito huelekezwa kwa wanaosaidia watu kuacha. Niliacha, na nilipopuliza tena katika wiki ya 36 kilionyesha 1. Mkunga alinipigia makofi.

Baada ya kujifungua hakuna aliyenipa kile kifaa tena. Mama yangu alikuja kunilea arobaini, akanikanda, akanipikia uji wa pilipili manga, kisha akarudi nyumbani. Katika wiki ya 7, saa tisa za usiku, mtoto akiwa amelala na mimi usingizi umeniruka, nilitoka uani na sigara ambayo, nakiri, nilikuwa nimeiomba kwa jirani tangu mchana. Nimeacha upya na hii ni wiki ya 3. Naomba tuelezane: ni nani alikusaidia, na alifanya nini hasa? Wa kukemea wenzake apite mada nyingine.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Mwanangu, hongera ya mtoto, na pole kwa usiku huo. Nimezalisha kwa zaidi ya miaka 30, na ninaposoma maneno yako najiuliza kwa nini sikuwahi hata mara moja kumwuliza mzazi kama anavuta. Nilikuwa nimejiambia kwamba wanawake wetu hawavuti.

Nitaandika ninachokijua vizuri, kwa kuwa nimeona kina mama wakikosea hapa kwa nia njema. Mama aliyeteleza akavuta hapaswi kumwachisha mtoto ziwa. Ni kweli kwamba nikotini huingia katika maziwa, lakini hupungua hadi nusu katika muda wa karibu saa mbili, na mtoto wa mvutaji anayenyonya bado ana kinga ambayo maziwa ya kopo hayampi. Kama ameshindwa kujizuia, basi amnyonyeshe kwanza, avute baadaye akiwa nje ya nyumba, abadilishe nguo ya juu, anawe mikono na uso kabla ya kumbeba. Lililo kubwa kuliko yote ni kitanda: mtoto mchanga asilale kitanda kimoja na mzazi anayevuta, awe mama au baba, hata kama huvutia nje, kwa sababu hatari ya kufa ghafla usingizini huongezeka sana. Alazwe chali, mahali pake, katika chumba hicho hicho. Najua kwetu mtoto kulala ubavuni mwa mama ndiyo desturi, na nyumba nyingi zina kitanda kimoja. Kwa hiyo anayetaka kumsaidia mzazi wa namna hii na aanze kwa kumletea kitanda kidogo au hata kikapu imara chenye godoro gumu.

Baba wa Kisauni, Mombasa

Shikamoo mama mkunga. Mimi ni mwanamume, na huenda nikalaumiwa, lakini nadhani mada hii inatuhusu sisi zaidi.

Mke wangu aliacha siku ile ile aliyojua kuwa ni mjamzito. Mimi niliendelea, tena kwa kujisifu kwamba navuta juu ya paa, mbali na chumba. Mtoto alipozaliwa, kila alipolia nilimkabidhi mama yake nikapanda juu, nikarudi baada ya robo saa nikinuka moshi na kuuliza chakula. Mtoto akiwa na miezi 3 nilimkuta mke wangu chooni na sigara yangu mkononi, nikapandwa na hasira, nikapiga simu kwa shangazi yangu nikitarajia kuungwa mkono. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na kibiriti kilikuwa cha nani?"

Mimi na mke wangu tulikubaliana mambo mawili tu. La kwanza, pakiti haitavuka mlango, wala shati nililovutia halitamgusa mtoto. La pili lilitokana na yeye kunieleza kwamba hamu humjia baada ya magharibi, saa ambayo zamani tulikuwa tukikaa barazani tukivuta pamoja. Akasema kwamba hamu yenyewe ni ya dakika chache, ila dakika hizo akiwa peke yake na mtoto anayelia huwa ndefu. Basi saa hiyo ikawa zamu yangu: nambeba mtoto, natembea naye hadi dukani na kurudi, na mwenzangu anaoga au analala. Mimi mwenyewe nilijaribu kuacha nikashindwa mara 2. Sasa nina miezi 8. Yeye hajarudia.

Binti Unguja, Muscat

Kwangu haikuwa sigara, ilikuwa shisha, na ninaitaja kwa kuwa wengi wetu hatuihesabu kuwa ni uvutaji. Nilikuwa nikiamini kwamba maji huchuja moshi. Maji huupoza tu. Nikotini hupita, na mkaa unaowaka juu huongeza ile ile kaboni monoksidi ambayo dada wa Reading alipimwa. Niliiacha kwa miezi yote ya mimba. Baada ya arobaini, wageni wa kutazama mtoto walikuja na furaha zao, na shisha ikawekwa sebuleni kama kawaida ya mikusanyiko yetu.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye sikumtarajia. Aliwaambia wageni, bila kunitaja, kwamba katika nyumba hii moshi ni mwiko hadi mtoto atakapotambaa, na yeyote asiyeridhika akae bustanini. Kwa kuwa amri ilitoka kwa mwenye nyumba, mimi sikulazimika kujieleza kwa mtu. Siku ya pili nilimwona akiuondoa na mkaa wa udi aliokuwa akinifukizia chumbani, akasema hawezi kuwakataza watu moshi wao huku anawasha wake.

Mama Mmoja, Nairobi

Mimi nilirudia katika wiki ya 3, na sikuacha tena hadi mtoto alipotimiza miaka 3. Kila aliyekuja kunitembelea alimtazama mtoto. Hakuna aliyeniuliza nimelala saa ngapi.

Mama Wawili, Reading

Dada wa Nairobi, asante kwa kuandika. Nina swali kwa anayejua dawa: nilipewa plasta za nikotini nikiwa mjamzito, na zilizobaki bado ninazo. Naogopa kuzibandika kwa kuwa nanyonyesha.

Mfamasia, Coventry

Dada, plasta na chingamu za nikotini zinaweza kutumiwa na anayenyonyesha, kwa ushauri wa mtaalamu anayekufahamu, kwa sababu humpa mtoto nikotini kidogo bila ule moshi wenye maelfu ya kemikali. Ukitumia chingamu, mnyonyeshe mtoto kwanza kisha utafune. Plasta, zipo za saa 16 ambazo hubanduliwa wakati wa kulala. Vidonge vya kuacha sigara kama vareniklini na bupropioni ni jambo jingine, kwani hapa Uingereza havipendekezwi kwa wanaonyonyesha. Usitumie masalio ya zamani bila kuuliza, maana kipimo ulichopewa kilihusu hali nyingine: mwili wa mjamzito huiondoa nikotini haraka zaidi kuliko mwili wako wa sasa. Wapigie tena wale wale waliokusaidia kuacha. Usidhani huduma yao imekoma kwa sababu umejifungua.

Mama Wawili, Reading

Nimepiga simu, nimepewa miadi ya Jumanne. Mume wangu naye amesoma maneno ya Baba wa Kisauni. Hakusema kitu, ila usiku wa jana saa tisa aliamka kabla yangu.

Mkunga Mstaafu, Morogoro

Wanangu, nina la kuongeza. Jirani yangu ana mtoto wa wiki 5, na juzi nilikwenda kumwona nikiwa na swali ambalo sikuwahi kuliuliza katika kazi yangu yote. Alicheka, akaniambia kwamba sigara hajawahi kuigusa. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama ugoro nao unahesabiwa, kwa sababu anautumia tangu usichana, aliuacha kwa shida wakati wa mimba, na sasa mkebe umerudi chini ya mto. Nimemwambia kwamba unahesabiwa, kwa kuwa tumbaku ni tumbaku na nikotini ni ile ile. Nitarudi kwake Ijumaa. Mwenye uzoefu wa kuacha ugoro huku akinyonyesha, naomba aandike kabla ya siku hiyo.