Tupeane uzoefu: waliompoteza mama au mtoto wakati wa kujifungua, na walionusurika

Mama Pacha:
Habari za jioni wakuu. Jumamosi tumemzika binti wa jirani yangu. Uzazi wa pili, alitoka nyumbani kwa miguu yake, kabeba beseni na kanga zake mwenyewe. Kila aliyeuliza msibani alijibiwa "damu ilimwisha", watu wakaitikia kazi ya Mungu, mazungumzo yakafia hapo. Mimi imenikaa kooni. Damu haiishi yenyewe tu. Aliyepitia aeleze mambo yalikwama wapi, na aliyenusurika aseme kilichomwokoa. Wajawazito wengi wanasoma humu kimyakimya, tuwaandikie wao.

Kaka wa Igunga:
Umenigusa pabaya dada. Mke wangu alijifungua zahanati ya kijijini, saa mbili usiku, mtoto wa kike, akalia vizuri, nikapewa nimshike. Nikaanza kupiga simu nyumbani. Bado naongea na mama, nikasikia nesi ananiita kwa sauti ambayo siyo ya kawaida. Kondo lilikuwa limetoka lakini damu haikatiki. Nesi yuko peke yake zamu ile, umeme hakuna, tunamulika kwa tochi ya simu. Alimchoma sindano ya paja, akamkandamiza chini ya kitovu, kisha akaushika mkono wangu akauweka pale. "Sugua hapa, usiache mpaka pawe pagumu." Nikasugua. Panakaza kidogo, nikipumzisha mkono panalegea kama unga uliozidi maji, na damu inakuja tena. Kanga ya kwanza ikalowa, ya pili ikalowa, tukavuta shuka la kitanda cha pembeni. Mke wangu anasema ana kiu. Halafu anasema anasikia baridi, na ulikuwa mwezi wa kumi, mnajua joto la kwetu mwezi wa kumi.

Gari la wagonjwa lilikuwa limepeleka mtu mwingine mjini. Tukatafuta gari la mtu, mwenye gari anataka hela ya mafuta kwanza. Nikawa nazunguka kukopa huku mwanangu yuko mikononi mwa mama mmoja nisiyemjua hata jina. Kufika kituo cha afya, viganja na midomo vimeshakuwa vyeupe. Wakasema damu ya kundi lake haipo, apelekwe hospitali ya wilaya. Alifia njiani, kichwa kiko mapajani kwangu, na ile dripu nimeishikilia juu. Mtoto yuko darasa la tatu sasa. Mwanaume akisema mbele yangu kwamba uzazi ni mambo ya wanawake, huwa naondoka.

Nyasi Kavu:
Pole sana kaka. Hiyo ya "mafuta kwanza" ipo kila kijiji.

Chuma cha Pua:
Tuseme ukweli, manesi ndio tatizo. Dada yangu akiwa leba aliambiwa "ulipokuwa unaitafuta mbona hukulia?", akaachwa peke yake mpaka mtoto akachoka tumboni.

Mkunga wa Zamu:
Chuma, lugha chafu ipo na siitetei hata kidogo. Aliyemwambia dada yako hivyo alistahili kuwajibishwa. Lakini rudi usome alichoandika Kaka wa Igunga: nesi mmoja, hakuna taa, hakuna gari, hakuna damu, na bado alifanya alichofundishwa. Mama akishazaa, mji wa mimba unatakiwa ujikaze ubane mishipa pale kondo lilipobanduka. Ukilegea, damu inamwagika, na mama aliyekuwa mzima kabisa anaweza kupotea ndani ya saa chache. Ndiyo maana mtoto akitoka tu mama anachomwa oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba. Sasa oksitosini inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Zahanati ambayo friji limezima siku kadhaa, unachoma sindano iliyopoteza nguvu bila kujua. Hapo uzembe ni wa nani?

Chuma cha Pua:
Wa wote. Ila anayetukana ndiye aliyeko mbele ya mgonjwa.

Mkunga wa Zamu:
Basi mshtaki huyo. Usitufunge sote kwenye kamba moja.

Wa Bungoma:
Poleni majirani. Huku Kenya, hospitali zilizokuwa kwenye utafiti wa E-MOTIVE zilimwekea mama plastiki yenye mfuko uliochorwa vipimo. Damu yaingia humo, sista anasoma ni kiasi gani, haikisii kwa macho. Ikivuka kipimo, anapewa yote kwa pamoja bila kungojea moja likatae: kusuguliwa tumbo, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na kuchunguzwa inatokea wapi. Ulifanyika pia Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, majibu yakatoka 2023: hali mbaya za kutokwa damu zilipungua kwa asilimia 60. Plastiki tu na utaratibu!

Takwimu Tupu:
Na tukiri tumetoka mbali. Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 104.

Nyasi Kavu:
Hiyo 104 nenda kamsomee mama wa aliyezikwa Jumamosi.

Takwimu Tupu:
Sikusema tuishie hapo ndugu yangu. Kwa vichanga hali imeshuka kiduchu mno, wanaokufa kabla ya kumaliza mwezi wametoka 25 hadi 24 kwa kila vizazi hai 1,000. Hilo ndilo linaloniuma.

Shangazi Mwema:
Ngojeni niwape ya mdogo wangu. Mimba ya kwanza, miezi nane. Uso ukavimba, wakasema ni mtoto wa kiume huyo. Kichwa kinamuuma kutwa nzima, anaona vimulimuli machoni. Usiku wa manane akakakamaa, macho yamegeuka, povu linamtoka. Mama mkwe wake akasema ni mapepo. Akaitwa mtaalamu na ubani wake, mlango ukafungwa, mimi nikaachwa nje. Nikaupiga teke ule mlango mpaka ukang'oka.

Nyasi Kavu:
Shangazi usikatie hapo!

Mama Pacha:
Ikawaje?

Shangazi Mwema:
Nilimkuta kafunikwa shuka anafukizwa, kajing'ata ulimi, damu tupu. Nikamburuta mpaka barabarani, mama mkwe ananifuata anapiga kelele kwamba nikimtoa nje atakufa. Kijana wa bodaboda akatubeba, mdogo wangu katikati, nimemfunga kwa kanga kifuani kwangu. Hospitali presha ilikuwa 190 kwa 120. Kifafa cha mimba. Wakamchoma magnesiamu, degedege likakata, akapasuliwa usiku uleule. Mtoto kilo 1 na gramu 700, hakulia. Niliona kwa kioo cha mlango: nesi anamkausha, anamsugua mgongo, kimya. Akamfunika pua na mdomo kwa kile kibarakoa, akaanza kubonyeza puto la hewa, bonyeza, achia, bonyeza, achia, mpaka kifua kikaanza kupanda chenyewe. Baadaye akalelewa kwa kangaruu, ngozi kwa ngozi kifuani kwa mama yake. Wote wazima. Mimi na yule mama mkwe hatusalimiani mpaka leo.

Babu Mizizi:
Mapepo yapo, msijifanye hamjui. Na bibi zetu walizaa kwa mizizi ya kuongeza uchungu.

Mkunga wa Zamu:
Na wangapi walizikwa, babu? Mizizi hiyo inabana mji wa mimba bila kipimo. Mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Tafadhali usimshauri mtu humu.

Mwana Singida:
Mimi nashauri mjamzito wa kijijini ahamie karibu na hospitali wiki mbili kabla.

Nyasi Kavu:
Ahamie kwa nani, na wale watoto wengine nyumbani? Bora gari la kukodi lijulikane mapema.

Shemeji Mkuu:
Ndugu wa kutoa damu nao wajulikane mapema. Mimi mashemeji wote nilishawauliza makundi yao ya damu kabla hata ya mahari 😀

Dereva wa Usiku:
Kuhusu gari, mlioko Tanzania pigeni 115. Mimi ni dereva wa jamii wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga uliozinduliwa kitaifa 2022. Gari la wagonjwa likikosekana tunaitwa sisi, na malipo yanatoka kwenye mpango, mgonjwa hadaiwi mafuta. Shida ninayoiona, watu wanapiga mama akiwa ameshapoteza fahamu.

Mama Pacha:
Asante sana. Na mkunga, aliyesharuhusiwa kurudi nyumbani, damu kiasi gani ndiyo hatari?

Mkunga wa Zamu:
Pedi ikilowa chapa ndani ya saa moja, au akitoa mabonge makubwa, au akisikia kizunguzungu, aletwe saa hiyohiyo, msisubiri kukuche. Hata kama ni siku ya kumi. Na kichwa kikali chenye kuona ukungu, hivyohivyo, kifafa kinaweza kuja hata baada ya kuzaa.

Mwana Singida:
Hiyo 115 bila salio inapigika?

Dereva wa Usiku:
Inapigika, ni bure. Taja kijiji na zahanati iliyo jirani, simu uiache hewani.