Mtoto wangu anavuja damu na yeye anamwambia MBWA pole!!

Mama_Wawili_58, saa 3:10 usiku

Wadau wa mtaa wetu wa Section 58 hapa Nakuru, mikono bado inatetemeka, mkiona nimekosea herufi mnivumilie. Jina sitaji. Hakuna haja. Ni yule wa geti la kijani ukipita kinyozi, yule ambaye mbwa wake wana ruti kama matatu: asubuhi duka la mkate, mchana jalalani, jioni mlangoni kwangu kukagua sufuria. Mnamjua. Hata kuku wa mtaa huu wanamjua.

Leo saa kumi na moja jioni nimemtuma kijana wangu wa miaka 6 maziwa. Hatua ishirini kutoka mlangoni. Yule mbwa mkubwa wa kahawia akatoka kwenye lile geti ambalo halijafungwa tangu Nakuru ikiwa manispaa, akamshika mguu kwa nyuma, chini ya goti. Hakubweka. Hakunguruma. Alishika tu.

Nikatoka mbio na leso na kiatu kimoja. Maziwa yako barabarani, damu iko kwenye soksi, mtoto hana hata sauti ya kulia. Mwenye mbwa naye akatoka. Nikajua basi, mtu ni mtu, atasema neno. Ana kipande cha chapati mkononi. Akainama. Akamshika mbwa kichwa. Akamwambia, "Pole kijana, pole, wamekushtua, eh?"

POLE. KWA MBWA.

Na ile chapati akampa.

Nimeishi Nakuru miaka 11. Nimeibiwa mtungi wa gesi, matatu za Kaptembwo zimenimwagia tope nikiwa nimevaa nguo za kanisa, lakini sijawahi kuona pole ikipotea njia namna hiyo. Ilitoka mdomoni mwake, ikaruka juu ya kichwa cha mtoto anayevuja damu, ikaenda kutua kwa mbwa!

Nikamwuliza kadi ya chanjo. Akaingia ndani, akakaa muda wa kuivisha githeri, akarudi nayo. Nimesoma: jina Simba, jike, rangi nyeusi, chanjo ya mwisho 2019. Huyu aliye mbele yangu ni dume, ni wa kahawia, hata meno bado mapya. Nikamwambia huyu siye. Akajibu, "Ni wa ukoo mmoja." Jamani, chanjo hurithiwa kama shamba?

Nimemwosha mtoto kwa sabuni na maji ya mfereji dakika 15, nahesabu kwa simu, huku mama mmoja ananiletea mafuta taa na mwingine anataka tuchome nywele za huyo mbwa tupake kidonda. Nikawakatalia wote wawili. Hospitalini wameanza sindano za kichaa cha mbwa, na kadi imejaa tarehe: leo, siku ya 3, ya 7, ya 14, ya 28. Mtoto wa darasa la kwanza huyo. Daktari akasema mbwa afungwe, atazamwe siku 10. Akizimaliza akiwa mzima, basi hakuwa na kichaa siku aliyouma. Siku 10 tu ndizo naomba!

Nimerudi kumweleza sasa hivi. Anasema kesho anampeleka nyumbani Molo "akapumzike". Apumzike yeye, na mtoto wangu je? Nitamtazama mbwa vipi nikiwa hapa naye yuko Molo?

Na akifunga geti (leo ndiyo mara ya kwanza kuliona likifungwa) akamwita, "Njoo kijana, pole." MARA YA PILI!

Mimi nafuga. Nina mbwa, nina paka, wote wanachanjwa kila mwaka na wanalala ndani ya ua wangu. Kwa hivyo asije mtu kuniambia nachukia wanyama.

Mkulima_Njoro, saa 3:22
Pole sana kwa mtoto. Mama, usilale na hilo. Alfajiri uwe kwa chifu, kisha ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, kabla hajapata gari la Molo. Iko Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, mwambie chifu hivyo hivyo. Na sindano usiruke hata moja hata kidonda kikipona. Kichaa kikishaanza kujionyesha kwa mtu, huwa ni mazishi.

Geti_Jeusi, saa 3:25
Lakini mtoto wa miaka 6 anatumwa dukani peke yake? Nauliza tu.

Mama_Wawili_58, saa 3:26
HATUA ISHIRINI! Nilikuwa namwona! Ulitaka nimtumie askari? Wewe hujauliza kwa nini mtu mzima anamwambia mbwa pole, umeona maziwa tu.

Bingwa_Bondeni, saa 3:29
Ngoja. Si wewe ndiye ulileta uzi wa jogoo mwaka jana? Kurasa tisa, mpaka jogoo wa watu akahamishwa mtaa.

Mama_Wawili_58, saa 3:30
Jogoo hakuuma mtu. Aliwika saa nane usiku. Usichanganye.

Bingwa_Bondeni, saa 3:31
Nasema tu mtaa mzima una makosa ila nyumba yako. Labda huyo mbwa naye alishtuka kweli.

Daktari_wa_Ng'ombe, saa 3:37
Bingwa, acha. Mimi hii ndiyo kazi yangu. Mbwa anadungwa akifika miezi 3, halafu kila mwaka, na kadi ni ya mbwa mmoja. Hakuna kadi ya ukoo. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa wameumwa na mbwa, na mtaa ukichanja 7 katika kila mbwa 10, ugonjwa unakosa pa kupita. Serikali imesema iutokomeze kufikia 2030. Tutafikaje na mageti yaliyo wazi hivi? Huyo huyo wa geti la kijani nilimwambia afunge uzazi wa yule jike. Akaniambia ni dhambi. Jike hubeba mimba siku 63 hivi, hesabuni wenyewe ametoa wangapi, na waliko sasa.

Bi_Freearea, saa 3:41
Waliko? Kwenye katoni! Nilimkuta mmoja njia ya Gioto, amefungiwa kwenye katoni ya sabuni, wiki nne hata hajafika, macho yamejaa usaha. Nimemlisha kwa chupa. Siku ya tano akaanza kuhara damu, nikampoteza. Nimelia kama mtoto. Anayetupa mtoto wa mbwa hajui usiku anaomlaza mtu mwingine.

Dala_Manyatta, saa 3:48
Nyinyi Nakuru mnalia kwa sababu ya mbwa mmoja. Njooni Kisumu. Jirani yangu ana watano, na kila siku saa kumi alfajiri anawachemshia mgongo wazi chini ya dirisha langu. Harufu inaingia kwenye shuka, kwenye sare za watoto, kwenye Biblia. Juzi mwalimu amemwuliza binti yangu kama kwetu tunauza samaki. Nikimwambia jirani, anasema mbwa pia wana haki ya kula moto.

Mkulima_Njoro, saa 3:52
Mgongo wazi si mifupa tu hiyo? Mbwa anapewa mifupa ya samaki?

Nyalenda_Kwetu, saa 3:55
MIFUPA TU? Mgongo wazi umesomesha watu hapa. Ukiukaanga, ukaweka nyanya na dhania, na ugali moto, utarudi hapa uombe msamaha. Kama mtu anawapa mbwa, huyo ana pesa.

Mama_Wawili_58, saa 3:58
Wadau tusitoke kwenye mada. Alimwambia MBWA pole. Mtoto wangu amesimama pale na soksi imelowa damu. Chapati pia akampa MBWA.

Dala_Manyatta, saa 3:59
Tumesikia mama. Nyalenda, mimi siukatai mgongo wazi. Naukataa saa kumi alfajiri.

Kakamega_Mvua, saa 4:04
Afadhali nyinyi mnanusa. Mimi naanika omena, paka wa jirani anakuja na kuchagua. Anakula vichwa vinavyong'aa, vingine ananiachia. Nikilalamika, jirani anasema, "Huyo paka ni wa ploti nzima." Akishika panya kwake anasema, "Paka wangu ni hodari." Akila ni wa wote, akifanya kazi ni wake! Na chanjo hana.

Daktari_wa_Ng'ombe, saa 4:07
Paka pia achanjwe. Paka hushikwa na kichaa, na akikukwaruza au kukuuma ni sabuni na maji yale yale, kisha hospitali.

Geti_Jeusi, saa 4:09
Kakamega, gorogoro ya omena huko ni pesa ngapi?

Kakamega_Mvua, saa 4:11
Inategemea. Ya Mbita iko juu.

Nyalenda_Kwetu, saa 4:12
Omena unaanika chini? Ndiyo maana. Anika juu, funika na chandarua kuukuu.

Mama_Wawili_58, saa 4:15
Ametoa mkoba nje. Naona taa ya gari kwake. Kuna mtu aliye na namba ya chifu?

Mkulima_Njoro, saa 4:16
Nimekutumia pembeni. Mpigie sasa hivi. Na piga picha ya gari.

Bingwa_Bondeni, saa 4:18
Chandarua haizuii paka. Nimejaribu.

Nyalenda_Kwetu, saa 4:19
Chandarua ya kwenu ina matundu.

Kakamega_Mvua, saa 4:31
Nimefunika na chandarua. Amekuja, amelala juu ya chandarua.