Mashamba ya koka yanateketezwa kila mwaka, mbona bei ya kokeini haipandi?

mdadisi_huru:
Wakuu, kuna hesabu inanigomea. Tangu Plan Colombia, mpango wa Marekani na Kolombia wa kupambana na dawa za kulevya, uanze mwaka 2000, fedha nyingi zimemwagwa kung'oa mikoka, mimea ambayo majani yake hutoa kokeini, na kunyunyizia sumu mashambani. Kitu kikiadimika, bei hupanda. Hiyo ni hesabu ya sokoni hata mtoto anaijua. Sasa mbona huko Ulaya gramu bado inauzwa bei ileile? Wanapoteza pesa bure, au kuna mahali sijaelewa?

hesabu_za_soko:
Mkuu, umeanzia upande usio na pesa. Majani yanayotosha kutoa kilo moja ya kokeini humwingizia mkulima dola mia chache tu. Kilo hiyohiyo ikiwa tayari, bado iko ndani ya Kolombia, inafika kama dola 2,000. Ikishavuka bahari, bei ya jumla Ulaya imekuwa ikicheza kati ya 20,000 na 40,000, na ikigawanywa gramu kwa gramu inaweza kupita 70,000.

Tuseme majani ni dola 500. Operesheni ikafana sana, bei ya majani ikapanda maradufu. Umeongeza dola 500 juu ya bidhaa ya 70,000, yaani chini ya asilimia moja. Mnunuzi wa mwisho hata hahisi. Anacholipia si jani, analipia hatari: rubani, mwenye boti, mfanyakazi wa bandarini aliyehongwa, na mzigo unaokamatwa njiani. Ndiyo maana kupanda kwa bei shambani humezwa kimyakimya na watu wa katikati.

shamba_na_udongo:
Naongezea upande wa mmea wenyewe. Koka ni kichaka kigumu, huvunwa mara kadhaa kwa mwaka na kinaishi miaka mingi. Enzi za ndege za kunyunyizia glifosati, dawa ya kuua magugu, wakulima walikuwa wanakata shina karibu na ardhi mara tu ndege ikipita, kabla sumu haijashuka kwenye mizizi. Kikachipua upya. Kolombia ilisimamisha unyunyiziaji wa angani mwaka 2015. Kung'oa kwa mkono kunaua mmea kweli, ila timu ya kung'oa inahitaji ulinzi wa wanajeshi, mabomu ya kutegwa ardhini yamewaua na kuwalemaza wengi, na mkulima asiye na barabara ya kupeleka mahindi sokoni hupanda tena. Koka ina wanunuzi wanaofika mlangoni, mahindi hayana.

Halafu kuna ile wanayoiita athari ya puto: ukibana huku, inavimba kule. Peru ilikuwa na hekta zipatazo 115,000 mwaka 1995, ikashuka hadi chini ya 40,000 mwaka 1999. Bolivia nayo ikashuka kutoka karibu 49,000 hadi chini ya 15,000 kufikia 2000. Ushindi? Kolombia ilikuwa imeshafika 163,000. Jumla ya nchi zote tatu haikupungua, iliongezeka kidogo. Baadaye Kolombia yenyewe ikashuka hadi 48,000 mwaka 2013, na mwaka 2023 ikafika 253,000.

mdadisi_huru:
Nimekupata. Basi si wakaze bandarini? Huko ndiko mzigo una thamani.

hesabu_za_soko:
Huko ndiko kunauma zaidi, ila puto ni lilelile. Bandari ya Antwerp, Ubelgiji, walikamata tani 116 mwaka 2023, mwaka uliofuata zikawa 44. Usikimbilie kusema biashara imekufa. Mzigo huhamia bandari ndogo, au huchukuliwa baharini kabla meli haijatia nanga. Guayaquil nako, bandari ya Ekwado, kwa vile kontena za ndizi hutoka kwa maelfu na tunda haliwezi kungoja ukaguzi wa siku tatu, magenge yaligombania njia hiyo hadi Ekwado ikawa miongoni mwa nchi zenye mauaji mengi zaidi Amerika ya Kusini.

maabara_24:
Wote mmesema bei kwa gramu. Gramu ya nini? Mwuza rejareja mzigo ukiadimika hapandishi bei, anachakachua: kafeini, lidokeini, fenasetini, na kwa miaka mingi levamisoli, dawa ya minyoo ya mifugo ambayo huweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Bei hubaki ileile, usafi ndio hubadilika. Kwa hiyo pima bei kwa gramu safi, si kwa gramu iliyofungwa.

Na hapo ndipo mtumiaji anapoumia. Aliyezoea unga wa asilimia 40 akipata wa asilimia 80 kwa kipimo kilekile, amejipa dozi mara mbili bila kujua. Mishipa ya moyo hubana, na akichanganya na pombe ini hutengeneza kokaethilini, inayokaa mwilini muda mrefu kuliko kokeini. Maumivu ya kifua baada ya kutumia ni ya hospitali, si ya kulala kwanza. Daktari aambiwe ukweli, kwa sababu dawa za moyo za kuzuia beta (beta-blockers) zinazotolewa kwa wengine huweza kumletea huyu madhara.

mdadisi_huru:
Swali la mwisho. Umoja wa Mataifa wanasema mwaka 2023 dunia ilizalisha tani 3,708 na zikakamatwa 2,275. Si zaidi ya nusu hiyo?

maabara_24:
Usitoe moja kwenye nyingine. Tani 3,708 ni makadirio ya kokeini safi: hekta zilizoonekana kwenye picha za setilaiti, mara mavuno, mara ufanisi wa maabara. Tani 2,275 zimepimwa kama zilivyokamatwa, pamoja na unga uliokwisha kuchakachuliwa. Na mzigo mmoja uliofuatiliwa na nchi mbili unaweza kuandikwa na zote mbili.