Maprodyuza wanaotaka skripti nzima bila kusaini chochote: sisi waandishi wa Pemba tumechoka

Assalamu alaikum wakuu. Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikipandisha sauti.

Mimi naandika skripti za filamu. Nipo Wete. Sina jina, sina koneksheni, sina mjomba kwenye kituo chochote cha televisheni. Kukataliwa sikulalamikii. Mtu akiisoma kazi yangu mpaka mwisho akaniambia haifai, namshukuru, naenda kukaa naiandika upya. Ninacholalamikia ni tabia ya maprodyuza wetu kumwambia mwandishi mchanga "nitumie skripti nzima niione", wakaipokea, wakaagiza badilisha hiki ongeza kile, miezi ikapita, na baina yao na mwandishi hakuna hata karatasi moja yenye saini.

Kampuni siitaji. Wanaofanya hivi ni wengi na wenyewe wanajijua.

Hadithi yangu ni ya kijana anayerudi kijijini kaskazini ya Pemba baada ya baba yake kufariki. Hajui kwamba mikarafuu yote ya mzee imeshawekwa rehani. Kijiji kizima kinajua. Hakuna anayethubutu kumwambia, basi kila jirani anamletea kitu. Huyu mkungu wa ndizi, yule jogoo, bibi mmoja anakuja na kanga mpya kwa ajili ya mama yake. Kijana anadhani watu wamefurahi kumwona. Kumbe wanamwomba radhi. Sini hiyo ndiyo iliyobeba hadithi yote, na niliiandika nikaifuta mara nyingi, maana hakuna hata mtu mmoja ndani yake anayetamka kwamba shamba limekwenda.

Prodyuza aliipenda. Alinipigia mwenyewe usiku, akaniita "mwanangu", akasema kitu kama hiki hajakisoma siku nyingi. Akataka muhtasari wa ukurasa mmoja, nikampa. Akataka maelezo ya sini moja moja, nikampa. Akataka skripti kamili, kurasa tisini na kitu, na iwe kwenye muundo unaotakiwa, herufi za Courier ukubwa wa 12, ili kila ukurasa ukaribie dakika moja ya picha. Kompyuta sina. Kila aliporudisha na marekebisho nilikwenda kulipia saa kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi pale mjini. Mara punguza wahusika, kijiji kizima ni gharama. Mara ongeza mapenzi. Mara toa sini ya boti, lokesheni ya baharini inakula bajeti. Nikapanda boti Mkoani kwenda Unguja kuonana naye kwa nauli yangu, nikalala kwa mama mdogo Mwanakwerekwe, na siku ya miadi simu ikaita mpaka ikakatika. Nilipouliza habari za mkataba aliniambia, "Mbona una haraka? Hujatoka bado. Acha kwanza ujulikane."

Ikafuata kimya. Halafu ikatoka trela ya tamthilia. Kijana anarudi kijijini, baba amefariki, mikorosho imewekwa rehani, majirani wanaleta zawadi na hawasemi. Mikarafuu imekuwa mikorosho na Pemba imekuwa Mtwara. Jogoo yumo. Kanga zimo.

Najua kuna atakayekuja kuniambia kwamba wazo halina mwenyewe. Nalijua hilo vizuri. Kijana kurudi kwao baada ya msiba ni hadithi ya kila mtu, aichukue anayetaka. Hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyoandikwa. Lakini majirani wale, kwa mpangilio ule, na zawadi zilezile, hilo si wazo. Ile ni kazi niliyokaa nikaiandika, na aliyeichukua alikuwa nayo kwenye simu yake.

Haya, nikadai wapi? Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya 2003 na ofisi yetu ya COSOZA. Bara wana sheria yao ya 1999 na COSOTA yao. Mtu wa Wete anayedaiana na kampuni iliyoko Dar es Salaam aanzie upande upi? Boti ya kwenda Unguja, boti nyingine ya kuvuka Bara, wakili, siku za kesi kuahirishwa. Na ushahidi nilionao ni ujumbe wa WhatsApp, nusu yake ameshaufuta. Hesabu hiyo wao wanaijua kuliko sisi, ndiyo maana hawana wasiwasi.

Wengine wananijibu, "Hata Hollywood ni hivyohivyo, vumilia." Si hivyohivyo! Kule, kwa kawaida, studio na kampuni kubwa haziipokei skripti ya mtu asiyejulikana aliyejipelekea mwenyewe. Inarudishwa haijasomwa mpaka ipitie kwa wakala au mwanasheria, au mwandishi asaini kwanza fomu yao. Sababu yake wanaogopa kushtakiwa kwamba wameiba. Inaumiza pia, mgeni anabaki nje akigonga. Lakini ule woga wao unaonesha kwamba mwandishi akiibiwa ana pa kwenda. Na walio ndani wana chama chao cha waandishi wa skripti, WGA, ambacho mwaka 2023 kiligoma siku 148. Mkataba wake unataja malipo ya chini ya kila hatua, rasimu na marekebisho pia. Kwetu wanapokea kila kitu, saa yoyote, hata usiku wa manane, kwa sababu hawaoni cha kuwatisha.

Na hizi warsha. Kila mradi ukija tunaitwa ukumbini, tunafundishwa mgogoro, kilele, mhusika mkuu anataka nini. Tunapewa cheti, tunapiga picha ya pamoja, tunarudi makwetu. Sizipingi, mengi nimejifunza humo. Lakini katika zote nilizohudhuria sijaona hata asubuhi moja iliyotengwa kwa mkataba. Nani anatuambia kwamba tuna haki ya kudai jina liandikwe mwanzoni mwa filamu? Nani anatuonesha malipo yanavyogawanywa, kiasi kwenye muhtasari, kiasi kwenye rasimu, kiasi kamera zikianza? Au kipengele cha kuirudisha skripti kwa mwenyewe ikiwa muda waliokubaliana umepita na haijapigwa picha? Mtu anafundishwa kuandika vizuri halafu anaachiwa aende kunyang'anywa.

Halafu uwasikie wenyewe. Nimewahi kukaa Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, pembeni yangu maprodyuza wanaambizana kwamba filamu zetu haziendi mbali kwa kuwa "hatuna skripti". Wallahi damu ilinichemka. Visiwa hivi vina uhaba wa hadithi? Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, mwongozaji Amil Shivji aliifanyia filamu ikafika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Ile ilikuwa kitabu kilichokwishachapishwa, jina la mwandishi liko juu ya jalada, hakuna ambaye angeweza kulibandua. Sisi wengine kazi zetu ziko kwenye simu na kwenye flashi, na hapo ndipo mikono inapoingia.

Mkulima wa hapa Pemba akishusha karafuu zake kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zinapimwa, zinapangwa daraja, analipwa. Bei ataililia, na watu wanaililia kweli, lakini hakuna karani anayemwambia aliache gunia pale mwaka mzima wakalitazame, likiwapendeza naye atajulikana. Mbona skripti, ambayo mtu ameikalia kiti kwa miezi, haina mzani?

Ninachotaka si kikubwa. Prodyuza yeyote, kabla hajaomba skripti nzima, atoe ukurasa mmoja uliosainiwa na pande mbili. Uandike jina la kazi, jina la mwandishi, tarehe aliyoipokea, na kwamba hatatumia chochote kilichomo bila mkataba. Akitaka marekebisho baada ya hapo, alipe, hata kama ni kidogo. Hizo ni dakika kumi za kazi na gharama ya kopi mbili. Anayeshindwa hilo ameshajieleza.

Mimi kuanzia sasa simtumii mtu zaidi ya muhtasari, hata aniite mwanangu mara ngapi. Najua nitaonekana mkorofi na milango mingine nitajifungia. Basi, nijifungie.

Waandishi wenzangu wa Chake, Mkoani, Makunduchi, Nungwi na kwengineko, yaliyokukuteni yawekeni hapahapa, msinifuate pembeni, ili na wengine wasome. Na kama humu yuko mwanasheria anayeyajua mambo ya hakimiliki ya pande zote mbili, namwomba kwa heshima anijibu hili moja: skripti iliyoandikwa Pemba, ikachukuliwa na kampuni ya Bara, madai yanafunguliwa wapi, na ujumbe wa WhatsApp unapokelewa kama ushahidi au haupokelewi?