Tupeane uzoefu: jua la kiangazi na upepo, bustani yako uliiokoaje?

Mkazi wa Nzuguni

Wakuu habari za jioni.

Niko Dodoma, nilihamia huku 2019 kikazi nikitokea Morogoro. Kule Moro usipime, unatema mbegu za papai nyuma ya jiko, mwakani unakula papai. Huku nimekuta kingine kabisa, mvua ikikata Aprili ndo basi tena mpaka mwisho wa Novemba au Desemba, hapo katikati Juni Julai kuna upepo wa baridi unapiga mpaka usiku, ikifika Septemba unageuka wa moto na unakuja na vumbi na visulisuli vinavyobeba hadi ndoo. Mwaka juzi nikasema hapana, siwezi kununua mboga kila siku wakati uwanja ninao, nikapanda miche 60 ya nyanya na matuta mawili ya chainizi.

Kosa la kwanza, nikazungushia mabati upande unaotoka upepo. Mabati mapya, fundi kalipwa, nikakaa kwenye kiti najisifu. Kumbe upepo ukikutana na ukuta ambao hauna hata tundu unapanda juu halafu unajitupa upande wa pili kwa kuzunguka, yaani mistari iliyokuwa mita mbili tatu kutoka kwenye bati ndiyo iliyolala chini kuliko ya mbali. Na ile iliyobanana na bati yenyewe ilipikwa, mchana ukigusa lile bati unaacha ngozi.

Kosa la pili ndo linaniuma. Kila saa nane mchana nikirudi kula nakuta majani yamelegea kama kanga mbichi kwenye kamba, nakimbilia mpira, namwaga. Jioni namwaga. Asubuhi namwaga. Bili ya maji ikaja nikaificha nisimwoneshe mama watoto. Baada ya wiki kama tatu nyanya changa zikaanza kuwa nyeusi kitakoni, majani ya chini manjano. Akaja mzee jirani, Mgogo, kachungulia kwenye uzio, hakusema kitu, kainama kachomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili, kakitoa kimejaa tope. Akaniambia kijana unamnywesha mtu ambaye hana kiu. Akasema usiyaangalie saa nane, yaangalie saa kumi na mbili jioni, yakiwa yamesimama yenyewe basi yalikuwa yanajipumzisha na jua tu, yakiwa bado yamelala hadi asubuhi hapo ndo yana kiu.

Toka hapo namwagilia mara moja kwa siku mbili au tatu ila nashindilia maji kweli kweli, sio kunyunyiza juu juu. Kitako cheusi kikapungua sana, mtaalamu mmoja alinielewesha kwamba ule mmea unakosa chokaa kwenye tunda kwa sababu maji yanaenda kwa kushtukiza, leo mafuriko kesho jangwa, sio lazima udongo uwe hauna chokaa. Mabati bado yapo ila mawazo yangu nayo nitayaleta huko chini. Haya leteni ya kwenu, hasa wa sehemu kavu.

Mama Wawili

Pole mdogo wangu, ila kwa bati umenichekesha. Mimi niko Same, upepo wa huku anaufahamu aliyepita barabara ya Moshi, lori linayumba. Ukuta wa kuzuia upepo usiuzibe kabisa, unatakiwa upenyeze kama nusu hivi, upepo upite umechoka. Mimi nina mistari miwili ya minyaa, nyuma yake mbaazi, nyuma ya mbaazi ndo mboga. Minyaa haili maji yako wala mbuzi haigusi, unakata kipande unakiacha siku mbili tatu kidonda kikauke unachomeka, basi. ILA ule utomvu wake usikuingie machoni!! Mwanangu wa pili tulikesha zahanati.

Kwa makisio ya shambani ukuta wa kupitisha hewa unakinga umbali kama mara kumi ya urefu wake, kwa hiyo uzio wa mita mbili unakulindia mita 20, kwa bustani ya nyumbani inatosha na inabaki.

Mkasa wangu mimi ni pumba za mpunga. Nilisikia redioni tandaza pumba udongo usikauke, nikanunua viroba sita, nikatandaza vizuri kama zulia, nikaenda kanisani. Kurudi pumba zote ziko kwa jirani, kwenye unga wake alioanika. Hatukusalimiana mwezi mzima. Sasa hivi natandaza mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande au majani ya mgomba, na juu yake naweka mawe. Hata mawe matupu yanafaa, asubuhi ukiinua jiwe chini yake kuna ubichi hata kama wiki nzima hujamwagia.

Kijana wa Manyoni

Mama Wawili hayo mabua huku kwetu ni kuita mchwa kwenye harusi. Nilitandaza jioni, baada ya siku nne wameshajenga, na wakimaliza makavu wanahamia kwenye shina.

Mama Wawili

Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, usilifunike kabisa. Na wanapenda kikavu, kwa hiyo pakiwa na ubichi wanakuwa wavivu. Majivu yanasaidia kidogo, nasema kidogo, usije ukanilaumu.

Kamba wa Wote

Niaje watu wa Bongo. Mimi ni wa Makueni, Kenya, na sisi huku mvua tunaisomanga tu kwa gazeti. Nyinyi mnapanda kwa matuta ya kuinuka, hiyo ndio shida yenu ya kwanza! Tuta likiinuka upepo unalipiga pande zote linakauka kama mkate. Sisi tunachimba, kitanda cha mboga kinaenda chini futi moja, unarudisha udongo umechanganya na mbolea ya mbuzi lakini usiujaze mpaka juu, inabaki kama karai. Maji yakiingia hayana pa kwenda, na ile miche ikiwa midogo upepo unaipita juu ya kichwa. Kwa mahindi tunachimba mashimo ya zai, yale mashimo ya kushika maji ya mvua, nimeona mtu anavuna na jirani yake hana hata bua.

Maji yangu natoa kwa mto wa mchanga. Ukiuona utasema umekauka, watu wanapitisha ng'ombe na pikipiki katikati, lakini ukichimba mchanga kidogo maji ndio hayo, jua haliyafikii. Karibu na kwetu kuna ukuta umejengwa ukakatisha mto, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakakaa ndani ya mchanga, hiyo imetusaidia kuliko bwawa la wazi lenye lilikuwa linakauka Septemba. Nabeba mitungi minane kila asubuhi kwa punda, kwa hivyo siwezi mwaga ovyo. Kila mche wa sukuma una chupa yake ya soda imepinduliwa, kifuniko nimetoboa na sindano ya moto. Kosa langu la mwanzo nilitoboa na msumari, chupa inaisha kwa dakika tano haha.

Nyuki Mkali

Mimi niulize swali la kichokozi. Kwani lazima nyanya? Lazima chainizi? Unapanda mboga ya ubaridi mwezi wa kumi Dodoma halafu unakuja kulia hapa. Babu zetu walikuwa wanakula mlenda, kunde, mlonge, kisamvu. Bamia yangu haijui hata kama kuna jua. Mlonge ndo kabisa, unaukata unachipua, unaukata unachipua. Tena nyanya joto likizidi 35 maua yanapukutika tu hata uyaimbie, chavua inakuwa haina kazi.

Mkazi wa Nzuguni

Mkuu point unayo ila wanangu mlenda hawataki, nifanyeje.

Nyuki Mkali

Lala nao njaa siku moja.

Bibi wa Barka

Assalaam alaykum. Mie ni mtu wa Unguja asili, lakini nnakaa Oman, Barka, mwaka wa thalathini huu. Wanangu nyie mnasema joto. Huku Juni nyuzi 45 si habari. Mwaka 2018 mwezi wa Juni pale Quriyat usiku kucha joto halikushuka chini ya 42.6, usiku nasema, ikaingia kwenye habari za dunia. Na ukija ule upepo wa gharbi kutoka jangwani ndo basi, unafungua mlango kama umefungua tanuri la mkate, jani la tungule, nyanya mnazoita nyie, linakauka likiwa bado kijani, ukilishika linavunjika kama karatasi.

Nikuhadithieni lililonkuta mwaka wa kwanza. Nlipanda miche ya tungule na pilipili, nikailea kama watoto. Saa tisa ya mchana nikaona imezimia, nikavuta mpira uliokuwa umelala uwanjani juani, nikaimwagia. Maji yalitoka ya moto wa chai. Sisemi mzaha, ungetia majani na sukari ungekunywa. Ikafa yote siku ile ile. Huku hata ndani ya nyumba wakati wa joto tunazima hita, maana tangi liko juu ya paa, maji ya bomba la baridi ndo ya moto, na yale yalokaa ndani ya hita ndo afadhali. Kwa hivyo mie maji nayakinga alfajiri baada ya sala, nayatia kwenye pipa kivulini, na kumwagilia ni alfajiri hiyo hiyo, basi.

Jengine, tazameni mashamba ya zamani ya huku yanonyweshwa na falaji, ile mifereji ya maji ya kizamani. Juu mitende, chini ya mitende ndimu na ndizi, chini yake ndo majani ya mbuzi na mboga. Hapana kitu kinochomwa na jua peke yake, kila mmoja ana mkubwa wake wa kumfunika. Na mboga hasa tunapanda Oktoba, tunakula mpaka Machi, Juni unaiwacha ardhi ilale na wewe ulale. Huyo Nyuki kasema maneno makali lakini kasema kweli.

Kingine nlojifunza kwa mamangu Makunduchi ni mtungi. Unauzika mtungi wa udongo baina ya miche, mdomo ubakie juu, unautia maji unaufunika na kifuu. Unavuja wenyewe pole pole kwa kadiri ya kiu ya mizizi.

Kamba wa Wote

Shikamoo bibi. Huo mtungi unavuja aje kama ni plastiki?

Bibi wa Barka

Marahaba mwanangu. Mtungi wa UDONGO, wa kufinyanga, wa maji ya kunywa. Nyie dumu ndo mnaliita mtungi. Na usiwe umepakwa rangi wala kutiwa vernishi, hautavuja.

Kijana wa Manyoni

Hapa ndo nawapenda watu wa pwani.

Yangu ni ya maji ya chumvi. Kisima tulichochimba maji yake ukichemshia chai inakatika. Nilikuwa nanyunyiza kwa kopo lenye matundu, juu ya majani, kingo za majani zikawa kahawia kama zimepitishwa kwenye mshumaa. Nikadhani ugonjwa, nikapiga dawa, ikazidi. Kumbe tone linakauka na upepo, chumvi inabaki kwenye jani. Sasa namwaga chini tu shinani. Na kitu kingine, ukimwaga kidogo kidogo kila siku chumvi inapanda juu unaona ukoko mweupe kwenye udongo, mara moja moja inabidi umwage mengi kwa pamoja uisukume chini, kama una maji ya mvua kwenye simtanki ndo wakati wake.

Ila mara moja kwa wiki naosha majani kwa maji masafi, chini ya jani hasa, kwa sababu vumbi na ukavu vinaleta utitiri mwekundu. Hauuoni kwa haraka, unaona jani limepauka lina vidoti, halafu kuna utandu kama wa buibui. Gongesha jani juu ya karatasi nyeupe, ukiona vumbi linatembea ndo wenyewe. Dawa ya kawaida ya wadudu nilipiga ikaua wale wanaoula utitiri, utitiri ukabaki unasherehekea.

Mama Wawili

"Vumbi linatembea" 😂 umemaliza.

Mkazi wa Nzuguni

Nimerudi wakuu, nimesoma yote mara mbili. Jumamosi nimefanya haya: mabati sijayang'oa, hela yangu imelala pale, ila nimetoa moja katikati ya kila mawili na kwenye mapengo nimefunga mabua ya mtama kwa kamba za katani. Juzi upepo umepiga usiku kucha, yanapiga kelele sana hayo mabua, wife hakulala, lakini asubuhi miche imesimama. Upande wa magharibi nimetundika neti ya kivuli ile ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya jua, mwanzo niliifunga ngumu kama ngoma ikachanika siku hiyo hiyo kwenye pembe, sasa nimeilegeza ina tumbo kidogo.

Mitungi nimetafuta sokoni nimepata miwili, mama muuzaji kaniuliza unaenda kwa mganga? Nikamwambia ndiyo, naenda Oman.

Chainizi nimeacha. Nimepanda bamia na kunde, na nyanya miche kumi na mbili tu chini ya neti. Kilichobaki ni minyaa, Mama Wawili nitapata wapi vipande vya kuanzia, huku mjini naona watu wamejenga tofali tupu.

Mzee wa Ihumwa

Njoo kwangu Ihumwa Jumapili, ninayo ua zima, ukate unavyotaka. Njoo na panga lako, viroba, na miwani. Nimesema MIWANI.